Sinema ya Nyumbani Kati ya Voi na Taveta

Sinema ya nyumbani, au homu thieta kama wanavyoiita wauzaji wa Voi, ni mfumo wa vyombo unaofanya kazi ya jumba la sinema ndani ya sebule. Picha hutoka kwenye runinga kubwa au projekta. Filamu hutoka kwenye diski, fleshi au intaneti. Risiva huzipokea sauti za filamu, huzigawa na kuzipa nguvu, na spika zinazomzunguka mtazamaji huzitoa. Mpangilio wa spika huandikwa kwa tarakimu: 5.1 ni spika tano (kushoto, kati, kulia na mbili za ubavuni) pamoja na sabufa moja ya besi; 7.1.4 huongeza mbili za nyuma na nne za juu ya vichwa.

Mpangilio huo haujazeeka. Kampuni ya Dolby iliingiza sauti ya kidijitali ya njia sita katika majumba ya sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns. Mwaka 2012 ikaleta Atmos kwa filamu ya Brave, na kuanzia 2014 Atmos ikaanza kuuzwa majumbani. Zamani fundi wa sauti studioni aliamua mlio utoke spika gani. Katika Atmos huandika mlio uko wapi hewani, mbele au nyuma, chini au juu, na risiva ya kila nyumba hukokotoa yenyewe spika zipi ziutoe. Nyumba ya spika tano itafanya inavyoweza. Nyumba ya spika 34, kikomo cha Atmos ya nyumbani, itafanya zaidi.

Vyombo vya daraja la juu vya miaka hii vimejengwa juu ya hesabu hiyo. Risiva ya Denon A1H, iliyotoka 2023, imebeba amplifaya 15 katika kasha moja la kilo 32, na bei yake ilitangazwa Marekani kuwa dola 6,499, kabla mnunuzi hajagusa spika hata moja. Prosesa za Trinnov, za Ufaransa, hazina amplifaya ndani kabisa. Zinafanya hesabu tu, na kwa bei ya prosesa moja mtu anapata gari zuri la mtumba Mombasa.

Vyombo hivyo havipo kwenye rafu za Voi. Hata hivyo kuna sababu ya kuvichunguza kutoka hapa badala ya Nairobi, mbali na urahisi wa kushuka treni asubuhi na kuwa dukani kabla ya jua kukaza. Ardhi hii imeingia mara tatu katika historia ya filamu, na kila mara kilichokumbukwa kilihusu ufundi wa chombo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, simba wawili waliwashambulia vibarua kwenye daraja la mto Tsavo, kilomita zipatazo 50 kutoka Voi, hadi mhandisi J. H. Patterson alipowaua Desemba ya mwaka huo. Kisa hicho kilizaa Bwana Devil ya Arch Oboler, iliyoanza kuonyeshwa Novemba 1952. Ndiyo filamu ndefu ya rangi iliyofungua msimu wa miwani ya pande tatu huko Marekani, projekta mbili zikienda sambamba bila kuachana hata kidogo. Ile picha mashuhuri ya jarida la Life, ya ukumbi uliojaa watu wote wamevaa miwani, ilipigwa usiku wa filamu hiyo. Kisa kilekile kikarudi mwaka 1996 katika The Ghost and the Darkness, iliyopigwa Afrika Kusini, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikashinda Oscar ya uhariri wa milio ya sauti.

Ya tatu ni Out of Africa ya 1985, iliyoshinda Oscar saba, moja ikiwa ya sauti. Denys Finch Hatton, mmoja wa wahusika wake wakuu, alikufa hapa Voi tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ilipoanguka punde tu baada ya kuruka. Ndiye aliyempelekea mhusika mwenzake, Karen Blixen, gramafoni shambani kwake Ngong, chombo ambacho kwenye filamu kinawapigia nyani muziki wa Mozart. Kwa hiyo mpenzi wa homu thieta anayetafuta filamu za kupimia spika zake ana mbili za kuanzia, zile zilizoshinda Oscar za sauti, zote zikiwa na uhusiano na kaunti hii ya Taita Taveta. Kasoro ni moja: madume mengi ya simba wa Tsavo hayana manyoya ya shingoni au yana machache, na wale wa Hollywood wanayo tele.

Katika maduka ya elektroniki ya Voi kinachotoka kwa wingi ni sabufa: sanduku la besi lenye amplifaya ndani, spika ndogo mbili hadi tano, redio, bluutuuthi, tundu la fleshi na rimoti. Boksi lake limeandikwa wati 10,000 au zaidi, na mbele yake herufi PMPO. Hesabu ya shule ya msingi inatosha kulipima dai hilo. Stima ya Kenya ni volti 240, na fyuzi kubwa kabisa ya plagi ni ampia 13. Zidisha, upate wati 3,120. Hicho ndicho kiasi cha juu ambacho chombo chochote, kiwe sabufa, pasi au birika, kinaweza kuvuta mfululizo kwenye soketi. Kipimo cha kuaminika huitwa RMS, yaani wati zinazotoka bila kukoma, na sabufa nyingi za bei nafuu hutoa makumi machache ya wati hizo.

Makumi machache si haba. Spika ya kawaida ikipewa wati moja hutoa desibeli 87 hivi kwa umbali wa mita moja. Kila wati zikiongezwa maradufu, desibeli huongezeka tatu tu, kwa hiyo wati 32 hufika desibeli 102, kiasi cha kumtoa jirani nje. Anayelipia amplifaya ya wati 200 badala ya 100 amenunua desibeli tatu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushtuka. Wauzaji wa vyombo vya kifahari, kama wale wa PMPO, hawapendi kuisema hesabu hii kwa sauti.

Njia ya vyombo vya kifahari kumfikia mteja wa Voi ni ndefu. Mzigo hushushwa Kilindini, hupita Voi ndani ya kontena juu ya reli ya SGR hadi bandari kavu ya Embakasi, hulipiwa ushuru na VAT ya asilimia 16, huingia dukani Nairobi, kisha huagizwa na kurudi kwa basi kwenye barabara inayokwenda sambamba na reli ileile. Nilipotazama treni ya mizigo ikiipita stesheni ya Voi bila kusimama, mzunguko huo ulionekana wa kuchekesha kuliko unavyoonekana kwenye risiti.

Mzigo ukishafika, kinachoamua sauti yake ni chumba kuliko kitu kingine chochote. Nyumba nyingi za kupanga hapa, kama kwingineko nchini, ni vyumba vya futi kumi kwa kumi: kuta za mawe au matofali ya saruji, sakafu ya saruji, mabati juu. Futi kumi ni mita 3.05. Wimbi la sauti ambalo nusu yake inaenea barabara kati ya kuta mbili hugonga, hurudi na kujiongeza lenyewe. Kwa joto la Voi, ambapo sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde, wimbi hilo ni la hezi 57. Chumba kikiwa cha mraba, kuta za kushoto na kulia hukuza mlio uleule unaokuzwa na kuta za mbele na nyuma. Na masanduku ya sabufa za bei nafuu aghalabu hutengenezwa yawe na nguvu zaidi karibu na hapohapo, kwa sababu besi ya chini zaidi hayaiwezi. Ndiyo maana aliye upande wa pili wa ukuta husikia noti moja ikigonga usiku kucha, wimbo uwe wa Mbilia Bel au wa Diamond.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Mlio huo huwa mkubwa kabisa ukutani na hufifia kabisa katikati ya chumba. Kichwa cha msikilizaji kikikaa kwenye theluthi ya urefu wa chumba, shinikizo lake ni nusu ya lile la ukutani. Tatizo ni kwamba sofa za Kenya husukumwa hadi ukutani, na chumba cha futi kumi mara nyingi kina kitanda pia. Pazia zito, zulia na godoro husaidia kwa milio mikali, ile inayofanya maneno ya filamu yasieleweke kwenye kuta tupu. Kwa besi hazifanyi lolote la maana: ili kitu cha kufyonza kiikamate hezi 57 ipasavyo kingehitaji unene wa mita moja na nusu, na hapo chumba kimekwisha.

Mabati nayo yana mambo yake. Spika nyingi za Atmos za watu wasiotaka kutoboa dari huelekezwa juu ili sauti igonge dari na kumshukia msikilizaji. Dolby hutaka dari hiyo iwe bapa, ngumu, na ya kimo cha mita 2.3 hadi 3.7 hivi. Bati lenye mikunjo, lililolala kwa mshazari juu ya mbao, huirusha sauti kwingine kabisa, na mvua ikinyesha hakuna amplifaya ya nyumbani inayoshindana nayo. Mwenye nyumba ya mabati bila dari afadhali anunue 5.1 nzuri kuliko 5.1.2 ya kubahatisha.

Kisha joto. Mchana wa Voi hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na risiva yenyewe ni jiko dogo. Amplifaya za mtindo wa zamani wa AB hugeuza karibu nusu ya umeme zinaovuta kuwa joto. Za darasa la D hupoteza sehemu ndogo tu, na kwa hali ya hewa ya huku ningezichagua hizo bila kusikiliza hoja za wapenzi wa AB kuhusu utamu wa sauti. Kapasita za ndani zina kanuni inayojulikana na kila fundi: kila nyuzi kumi za joto zikiongezeka, maisha yake hupungua kwa nusu. Vumbi jekundu la Voi likiziba matundu ya hewa, nyuzi hizo kumi hupatikana haraka. Stima ikipanda na kushuka, stabilaiza si anasa. Wanaotumia sola wana jambo lao la kuangalia: inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini bali wimbi la ngazi, na wimbi hilo huingia kwenye spika kama mvumo usiokatika. Inveta ya wimbi safi hugharimu zaidi, lakini amplifaya yoyote ya maana inaihitaji.

Kabla ya kuondoka Voi inafaa kuutazama mfumo wa sinema uliowafikia watu wengi kuliko homu thieta zote za kaunti, nao ni kibanda cha filamu: chumba chenye mabenchi, runinga moja, spika moja au mbili na kiingilio cha shilingi chache. Vibanda hivi vilipata sauti yake kupitia wasimulizi. Nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye huziingizia filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani usimulizi wa Kiswahili na mizaha yake mwenyewe. Kampala, VJ Jingo amefanya kazi ya aina hiyo kwa Kiganda. Kiufundi, usimulizi humwagwa juu ya sauti yote ya filamu katika njia mbili tu, kushoto na kulia, na mpangilio wa 5.1 hupotea wote. Hadhira haijali. Inachotaka ni kusikia maneno.

Na hapo kibanda kinafundisha jambo ambalo wanunuzi wa vyombo ghali husahau. Katika filamu yoyote ya kawaida sehemu kubwa ya mazungumzo hutoka spika ya kati, ile inayokaa chini ya runinga. Wengi hutumia fedha kwenye sabufa na spika mbili ndefu za mbele zinazopendeza macho, kisha spika ya kati wakachukua yoyote iliyopo. Matokeo yake wanapandisha sauti ili wasikie mazungumzo, na mlipuko unaofuata unaamsha watoto. Fedha ikiwa chache, iende kwenye spika ya kati kwanza.

Kutoka Voi matatu huelekea Mwatate, kilomita 27 hivi magharibi, ikipita karibu na mashamba ya mkonge. Kutoka Mwatate barabara hupanda kwa kona nyingi hadi Wundanyi. Voi iko chini ya mita 600 juu ya bahari na Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Kwa saa moja ya safari mtu hutoka kwenye joto la jangwa dogo na kuingia kwenye migomba, ukungu na koti. Juu zaidi, kwenye kilele cha Vuria chenye mita 2,208, imesimama minara ya mawasiliano.

Kwa sauti, milima hii ni mahali bora kuliko bondeni. Usiku hakuna malori ya barabara kuu wala feni zinazozunguka. Chumba kinapokuwa kimya, milio midogo ya filamu husikika bila kupandisha kiasi: mlango unaofungwa mbali, pumzi, majani. Mwenye chumba cha desibeli 25 za kelele anahitaji nguvu ndogo sana kuliko mwenye chumba cha desibeli 45 ili asikie kitu kilekile, na ukimya wa Wundanyi hauna VAT. Unyevu ndio adui. Lenzi ya projekta inayokaa kwenye kabati lenye baridi na ukungu huota kuvu. Projekta mpya za leza, kama Bravia Projector 8 na 9 ambazo Sony ilizitoa 2024, zimeondoa balbu iliyokuwa ikibadilishwa kila baada ya saa elfu kadhaa, lakini kuvu halikuondolewa na leza.

Milima ya Taita ina mtu wake katika historia ya kurekodi sauti. Fadhili William, aliyejiita pia Mdawida kwa jina la watu wake, alizaliwa Taita Taveta mwaka 1938 na kurekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960, wimbo ambao utunzi wake umebishaniwa tangu hapo, Watanzania wakimtaja Adam Salim. Alifariki mwaka 2001. Kwa wapenzi wa vyombo vya sauti wimbo huo una kituko chake. Harry Belafonte ndiye mwimbaji wa ile rekodi ya ukumbi wa Carnegie Hall ya mwaka 1959 ambayo imetumika kwa miongo kadhaa kupimia spika za bei kubwa duniani kote. Na mwaka 1965 Belafonte huyohuyo alitoa na Miriam Makeba albamu iliyoshinda Grammy, "Malaika" ikiwa ndani yake. Mtu anayeisikiliza albamu hiyo kwa spika za thamani ya nyumba anasikiliza wimbo ulioenezwa na kijana wa Taita.

Rekodi za Nairobi za enzi za Fadhili zilikuwa za mono, sauti yote ikiwa katika mkondo mmoja. Risiva za kisasa zina kibonyezo cha kuieneza rekodi yoyote kwenye spika zote, hata za darini. Kwa rekodi hizo kibonyezo kizimwe. Sauti ya mono inayotoka spika mbili za mbele zilizolingana vizuri husimama katikati, mwimbaji mmoja mahali pamoja. Ikisambazwa kwenye spika kumi na moja hutapakaa, na gitaa hupoteza makali yake.

Wadawida wana kipimo kingine cha besi, ngoma za mwazindika, mchezo wao wa kiroho. Ngoma hupigwa nje. Nje hakuna kuta za kurudisha wimbi, hivyo kila pigo husikika na kuisha kabla la pili halijaanza, na hii ndiyo sifa ambayo watengenezaji wa sabufa za daraja la juu huitafuta kwa hesabu nzito. Aliyeyazoea mapigo ya uwanjani hatadanganyika na sabufa inayovuta mlio kama mpira wa pampu.

Swali la chanzo cha filamu linajitokeza zaidi huku milimani, ambako duka la diski halipo. Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na sauti yake ya Atmos hubanwa hadi kilobiti 768 kwa sekunde. Diski ya Ultra HD Blu-ray, iliyoingia sokoni 2016, hubeba hadi gigabaiti 100, na sauti yake hubanwa bila kupoteza chochote. Filamu ya gigabaiti 70 ikipakuliwa kwa laini ya megabiti 15 huchukua zaidi ya saa kumi. Tofauti ya picha ni ndogo kwenye runinga ya inchi 50. Tofauti ya sauti husikika zaidi, hasa kwenye besi, lakini kwa aliye na spika za kuionyesha tu. Kwa wengi wa Wundanyi jibu la kweli ni fleshi iliyojazwa filamu, na ubora wake hutegemea aliyeijaza.

Kurudi Mwatate na kushika barabara ya Taveta ni kuingia katikati ya hifadhi za wanyamapori. Lami hupita Bura na Maktau, ikifuata kwa karibu reli iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na baada ya Mbuyuni hufika kilima cha Salaita, palipopiganwa Februari 1916. Ndovu wa Tsavo, wekundu kwa udongo wanaojipaka, huivuka barabara hii, na ndovu ndiye anayeeleza vizuri kwa nini besi ya chini kabisa ni ghali.

Katika miaka ya 1980 watafiti Katy Payne na Joyce Poole walionyesha kwamba ndovu huwasiliana kwa milio ambayo sikio la binadamu haliisikii vema, ikianzia kwenye hezi 14 hivi na kupanda hadi 35. Milio hiyo hufika kilomita kadhaa. Sikio letu huanza kusikia karibu na hezi 20, ambako wimbi moja lina urefu wa mita 17. Kamba za sauti za ndovu zina urefu wa sentimita kumi hivi na pafu lake ni la kiasi chake. Koni ya sabufa haina pafu: kila mlio ukishuka oktava moja, kutoka hezi 40 hadi 20 kwa mfano, koni lazima isogeze hewa mara nne ili kiasi cha sauti kibaki kilekile. Ndiyo sababu sabufa inayofika hezi 20 kwa nguvu huwa na koni ya inchi 12 hadi 18, sanduku kubwa kama meza, na bei ya kulingana. Studio za filamu huweka kilele cha desibeli 105 kwa kila spika ya kawaida na 115 kwa mkondo wa besi. Ngurumo ya simba, kwa kulinganisha, hupimwa desibeli 114 kwa umbali wa mita moja, umbali ambao hakuna anayeupendekeza.

Mambo mapya zaidi katika fani hii yanahusu kurekebisha chumba kuliko kuongeza nguvu. Dirac, kampuni ya Uswidi, ilileta 2023 programu iitwayo ART, ambayo huzitumia spika nyingine za chumba kutoa mawimbi yanayolifuta wimbi la besi linalobaki likizunguka baada ya noti kwisha. Kwa chumba cha futi kumi kwa kumi hiyo ni kutibu hezi 57 kwa kompyuta badala ya kusogeza sofa, na huhitaji maikrofoni, prosesa ghali na mtu anayejua kuipima. Mwaka huohuo Dolby ikatangaza FlexConnect: spika zisizo na waya huwekwa popote palipo na nafasi, runinga huzisikiliza zilipo na kuzigawia kazi. Kwa mpangaji asiyeweza kuchagua pa kuweka spika, hiyo ya pili ina maana kubwa kuliko amplifaya 15.

Taveta iko mwisho wa barabara, chini ya Kilimanjaro, na Holili ya Tanzania ng'ambo ya mpaka. Soko lake hujaa Jumatano na Jumamosi. Ndizi na nyanya hutangulia, lakini mafundi wa elektroniki nao wapo. Kwa mnunuzi wa chombo chochote cha sauti, fundi ndiye hatua ya mwisho ya hesabu. Sabufa ya bei nafuu ikifunguliwa, mara nyingi kiini chake ni chipu ya aina ya TDA2030, ambayo hutoa wati 14 hadi 18; boksi la PMPO huelezwa na chipu hiyo kwa ufupi kuliko mtu yeyote. Chipu hupatikana kwa bei ya soda chache, na fundi mwenye chuma cha kulehemu huibadilisha mteja akisubiri. Risiva ya kilo 32 haitengenezwi hivyo. Bodi yake ya HDMI, ambayo ndiyo hufa mara nyingi radi ikipiga au stima ikirudi kwa kishindo, haiuzwi Taveta wala Voi. Kasha zima hupakiwa basini kwenda Nairobi, na huko nako huenda bodi ikaagizwa ng'ambo. Spika ni afadhali. Hata zile za bei ya gari kwa kawaida zina koni iliyozungushiwa ukingo wa mpira au sponji, na ukingo huo huchoka kwa joto na miaka. Huo hubanduliwa na kubandikwa mpya kwa gundi papo hapo kwenye meza ya fundi, mradi mwenye spika ameleta ukingo wa kipenyo sahihi.